Chupa ya Futikamba

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi sijambo, ila kikohozi cha vumbi la sponji kimenigandia, usiku sipati usingizi vizuri.

Nina jambo, na usinicheke. Msimamizi wetu wa idara ya kukata magodoro anatimiza miaka hamsini tarehe ishirini mwezi ujao. Sisi tunamwita Futikamba kwa sababu futi kamba haitoki shingoni mwake, hata chooni anaingia nayo. Wenzangu wameamua kumpa zawadi, na kwa kuwa aliwahi kutamka kwamba anapenda wiski ya Uskoti, ikapitishwa kuwa atanunuliwa chupa moja ya maana. Kazi ya kuichagua nimepewa mimi. Nilipouliza kwa nini mimi, wakasema, "Wewe si mtoto wa kaunta? Baba yako amemimina wiski hotelini maisha yake yote, utakosaje kuijua?"

Baba, unajua vizuri kwamba sijui. Hukuwahi kuleta hata kizibo nyumbani, isipokuwa ile chupa uliyopewa ulipostaafu, na haijafunguliwa. Lakini niliona aibu kusema hivyo, nikawajibu waniachie mimi, tena kwa maringo. Sasa nimebanwa. Kibarua changu kinaisha mwezi wa tano, na Futikamba ndiye anayepeleka ofisini majina ya watakaoajiriwa moja kwa moja. Nikikosea chupa nitakuwa kichekesho mbele ya mtu nisiyetaka anicheke.

Nielekeze. Nimwambie nini muuza duka? Mpe Mama salamu nyingi, mwambie fulana aliyonitumia imenikaa vizuri.

Ni mimi mwanao.


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa hatujambo. Goti lipo, linanisalimia kila asubuhi kabla ya mama yako. Hicho kikohozi kinywee maziwa ya moto, na ufunge kitambaa puani ukiwa kazini, usione haya.

Nimekucheka, nisiseme uongo. Nimecheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza swali la kazi yangu, watu huniuliza habari za goti tu. Kwa hiyo kaa vizuri nikufundishe.

Kwanza, kabla ya kuangalia chupa mwangalie mtu. Anayesema "napenda wiski ya Uskoti" bila kutaja ipi, huyo huinywa na barafu tele na soda. Usimpelekee zile zenye moshi, zinazonuka kama dawa ya kidonda. Atasema asante halafu atampa shemeji yake. Mtafutie laini, yenye harufu ya asali au ya matunda makavu. Usidanganywe na boksi pia. Kuna chupa zinavalishwa kuliko bibi harusi na ndani hamna kitu. Ile namba kwenye lebo ni miaka iliyokaa kwenye pipa, na ikishatiwa kwenye chupa haizeeki tena, kwa hiyo muuzaji asikwambie eti imekaa sana dukani ndiyo maana ni ghali. Miaka kumi na miwili inamtosha. Halafu hakikisha utepe wa kizibo haujaguswa.

Muuzaji akikuruhusu, nusa. Pua iwe mbali kidogo na glasi, mdomo wazi kidogo, usivute kwa nguvu. Mimi kazi yangu yote niliifanya kwa pua, na wageni walidhani naonja kwa siri kule nyuma. Kunusa kunatosha.

Na usimwambie mtu kwamba hujui. Hilo libaki kati yetu, mtoto wa kaunta.

Baba yako.


30 Machi

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi mzima kabisa, na kikohozi kimepona. Nitakwambia kilivyopona.

Nilikwenda kwenye duka la vinywaji nyuma ya stesheni. Muuzaji ni mama mmoja mpole, ana glasi ndogo za kuonjesha wateja. Nilinusa kama ulivyosema, lakini pua yangu haikuambulia kitu. Basi nikaonja. Siku iliyofuata nikarudi nikaonja nyingine. Mwishowe nimenunua na yangu moja, ndogo tu, ya kujifunzia, niwe nailinganisha chumbani nikitoka kazini.

Baba, kwa nini hukuwahi kuniambia? Toti ya kwanza inaunguza tu. Ya pili inatulia. Ya tatu ndipo inapoanza kuongea na wewe, na chumba chenyewe kinakuwa kikubwa. Chumba changu unakijua, ukinyoosha miguu unagusa jiko. Sasa hivi nalala usingizi mmoja mpaka asubuhi.

Zawadi yenyewe nimeshainunua, ya asali, miaka kumi na miwili. Iko chini ya kitanda, nimeizungushia shuka. Wenzangu walikuja kuiona wakanipigia makofi. Siku hizi wakati wa chakula wananiuliza habari za mapipa na mimi nawapa somo, nakaa kwenye rundo la magodoro kama profesa. Juzi hata Futikamba alisimama akasikiliza, bila kujua tunazungumzia zawadi yake. Akaniambia, "Wewe kijana una kichwa." Nadhani jina langu litakwenda ofisini, Baba.

Ni mimi mwanao.


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako nilimsomea mama yako mpaka katikati, kisha nikajifanya miwani imeingia ukungu.

Nitasema moja kwa moja, kwa sababu barua zinachelewa njiani. Mtu anayeonja huandika habari za kinywaji. Wewe umeniandikia habari za chumba. Maneno hayo ya toti ya tatu si mageni kwangu. Niliyasikia kwa mawakili, kwa madereva, na kwa daktari mmoja aliyekuwa na mikono mizuri sana. Wote walikuwa watu wema. Na kila mmoja alikuwa na kikohozi chake, au mgongo wake, au usingizi wake, ambao wiski ndiyo iliyokuwa inautibu.

Huenda nimekosea. Uzee unamfanya mtu ashtuke hata kwa kivuli chake. Kama nimekosea nicheke, nitafurahi sana kuchekwa. Lakini nifanyie mambo mawili. Hiyo chupa yako ndogo, kama bado ina kitu, imwage. Na zawadi itoe chumbani leo hii, mpe mwenzako yeyote akutunzie. Mwambie paa linavuja, mwambie lolote, ila usilale nayo chumba kimoja.

Na usininyamazie. Naogopa, nakwambia wazi.

Baba yako.


16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo. Naituma hii kwa dereva wa basi ili ikufikie upesi.

Barua yako niliipata. Umeniudhi kidogo. Mimi si mlevi wa hoteli yako, nakwenda kazini kila siku na sijakosa zamu hata moja. Lakini tuyaache.

Chupa imevunjika. Ilikuwa kwenye shuka, nikalivuta shuka nikiwa nimesahau. Sherehe ni Jumamosi na idara nzima inajua kwamba mimi ndiye ninayo. Siwezi kupata nyingine kabla ya mshahara. Kama kuna mtu wa zamani pale hotelini unayefahamiana naye, nakuomba. Sina mwingine wa kumwambia.

Mama asijue.

Mwanao.


18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dereva amenikabidhi barua yako mkononi na anaondoka na kifurushi hiki jioni.

Ndani ya taulo mna chupa. Ni ile niliyopewa hotelini siku ya kuagwa, ile ya juu ya kabati ambayo mama yako huifuta vumbi kila Jumapili na kuniuliza naiwekea nani. Miaka kumi na minane kwenye pipa, haijafunguliwa. Ni nzuri kuliko Futikamba anavyohitaji, na najua atakwenda kuiua kwa soda, shauri yake. Mama yako nimemwambia nimempa rafiki. Hakuniamini.

Sikuulizi ile nyingine ilivunjikaje. Chupa za namna ile zina kitako kinene, nimeziona zikianguka kutoka kaunta na kubingirika tu. Lakini zipo zinazovunjika, na anayeniambia hivyo ni mwanangu, kwa hiyo imevunjika.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukiipokea kesho pale stendi, usiende nayo nyumbani. Nenda nayo moja kwa moja kiwandani, umkabidhi Futikamba mkononi hata kama sherehe haijafika. Mwambie baba yako amekutuma. Wala usiifungue taulo, yeye ataifungua.

Sikuamrishi. Nakuomba, kama mtu anavyoomba.

Baba yako.


Mei, sijui ni tarehe ngapi

Baba,

Nilifika nayo mpaka getini. Mlinzi akaniambia Futikamba ametoka na atarudi saa tisa. Ningeweza kukaa pale kwenye benchi, lilikuwepo benchi. Nikasema niipeleke nyumbani mara moja, si mbali, nitarudi nayo saa tisa.

Niliifungua niinuse tu. Pua mbali kidogo, mdomo wazi kidogo. Uliniambia kunusa kunatosha. Mimi hakukunitosha.

Sherehe sikwenda. Walimpa keki. Jumatatu hakuna aliyenisemesha, hata kunitukana hawakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Futikamba aliniita pembeni akaniuliza kama naumwa. Aliniuliza kwa upole, Baba. Nikamwambia siumwi. Majina yamebandikwa ukutani na langu halimo. Kazini sijarudi tangu hapo.

Ilikuwa tamu sana. Nakwambia ili ujue kitu chako hakikuharibika. Nilikiweka kiti kingine mbele yangu nikasema leo nakunywa na baba yangu, nikakumiminia na wewe. Kisha nikanywa na yako.

Usije. Goti lako haliwezi safari hii. Mama mwambie nimehamishiwa zamu ya usiku, ndiyo maana siandiki.


27 Mei, chumbani kwako

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mama yako hajambo, na anajua kila kitu, nilimwambia mwenyewe kabla ya kupanda basi. Alinifungia chakula chako, kisha akanifuata mpaka njiani akaniambia nisirudi peke yangu.

Mwenye nyumba wako amenifungulia. Anasema hajakuona tangu juzi. Nimefagia, nimetoa chupa nje, nimefua shuka zote mbili na nimezianika uani. Barua zangu nimezikuta chini ya mto. Ile ya mwisho niliyokuandikia mwezi huu hujaifungua. Nimeifungua mwenyewe nikaisoma, na nimefurahi hukuisoma. Niliiandika kwa hasira. Nimeichana.

Asubuhi nilikwenda kiwandani. Futikamba alitoka mpaka getini, na kweli futi kamba anaivaa kama tai. Nilimpa mkono nikamtakia heri ya kuzaliwa iliyochelewa. Akaniambia wiski aliacha mwaka juzi, daktari alimkataza kwa sababu ya shinikizo la damu, ila alisikia vijana wanamwandalia na hakutaka kuwavunja moyo. Tulisimama pale wazee wawili hatujui tuangalie wapi. Kisha akasema ukipata nafuu uende kwake, hata kwenye kupakia atakutafutia nafasi. Alisema "ukipata nafuu", kama mtu aliyelazwa. Nilimshukuru.

Sasa natoka kukutafuta. Mwenye nyumba amenitajia baa za huku na nimeamua kuanza na zile za mbali, kwa sababu mtu akishaanza kuona haya huikimbia ya jirani. Goti usilifikirie. Nitakwenda polepole na nitazimaliza.

Hotelini walikuwa wakija baba za watu. Niliwajua kabla hawajafungua mdomo. Hawakai, hawaagizi kitu, wanasimama mlangoni wakiangalia migongo ya walioketi kwenye kaunta, mmoja baada ya mwingine, wakiutafuta wa kwao. Mimi nilikuwa nafuta glasi na kuangalia kando ili wasione haya. Leo asubuhi nikitoka kiwandani nimesimama kwenye mlango wa baa iliyo karibu nacho, kijana wa kaunta akaniona, akachukua glasi akaanza kuifuta.

Ukirudi kabla yangu, kula, chakula kiko mezani, na usitoke tena. Na kama ni mimi nitakayekukuta huko uliko, ukageuka ukaniona nimesimama mlangoni, usinieleze lolote. Nyanyuka tu, twende.

Baba yako.