Mstari wa Mwisho Ukutani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Mgongo umepoa? Na cherehani, lile kanyagio lake bado linakwama? Sisi huku hatujambo. Mwanao ametimiza miezi kumi na mmoja, ana meno manne na ameshajua kazi yake, anauma kila kinachompitia mbele. Baba yake anasema hatukuzaa mtoto, tumezaa koleo. Sasa hivi amelala chali, mikono juu kama aliyekamatwa, ndiyo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Usishangae ukubwa wa herufi. Nimetumia ile kalamu nene ya kuandikia kwenye maboksi, na ndiyo maana barua imekuwa furushi. Nimeandika hivi ili usome mwenyewe. Nakuomba sana usimpe shemeji akusomee, wala binti yako mkubwa. Na mimi naandika pua imegusa karatasi kama kuku anayedonoa, kwa hiyo mistari ikipanda mlima unisamehe. Unajua shule na mimi tuliachana mapema.

Uliniuliza jambo moja tu. Ulitaka kujua kama lenzi niliyowekewa inaonyesha kweli, maana wewe sasa sindano unaitunga kwa kupapasa, na yule mteja amekurudishia gauni jeusi lililoshonwa kwa uzi wa bluu. Ukasema nikijibu ndiyo, unafunga cherehani na kuja. Dada, usikate tiketi kwanza. Nisome mpaka mwisho, ndipo uamue.

Ngoja nianze ilipoanzia. Unajua nafanya usafi kwenye kliniki ya macho. Wengine hucheka wakisikia, asiyeona kufanya kazi kwa wapima macho, lakini nami huwajibu kwamba sakafu haihitaji kusomwa. Pale kuna mpimaji mmoja, mama wa makamo, sote tunamwita Mama Mpimaji. Ndiye aliyegundua kwamba kioo changu cha mbele ya jicho kimechongoka kama ncha ya limau, sawa na chako, na kwamba miwani haitanisaidia hata nivae tatu kwa mpigo. Tena ndiye aliyekuwa ananibebea mtoto nikienda kumwaga maji machafu. Wakubwa wengine pale wananiita "wewe". Yeye ananiita mwanangu.

Basi mwaka huu ikatoka amri kwamba wapimaji wote, hata wenye mvi, warudi kusoma masomo ya nyongeza, la sivyo leseni zao hazitaongezwa. Somo lenyewe ni namna ya kupima na kuweka lenzi za macho magumu kama yetu. Akaja mwalimu kutoka mbali, mwembamba, hana haraka hata kidogo. Wanafunzi wake walimpa jina la Mwalimu Bado, kwa sababu kila anayemwonyesha kazi, anachungulia kwenye darubini, anatikisa kichwa, anasema bado.

Wiki ya kwanza walijifunza kwa kuwekeana lenzi wao kwa wao. Nilikuwa napiga deki mlangoni na mbavu zinaniuma kwa kujizuia kucheka. Kuna mpimaji mmoja baba mzima, kifua kama kabati, alipoona kidole cha mwenzake kinamjia na lenzi alirudi nyuma na kiti mpaka ukutani. Wenzake wakamwambia miaka ishirini amekuwa akiwadanganya wagonjwa kwamba haiumi, leo na aonje mwenyewe. Mama Mpimaji alihangaika kuliko wote. Lenzi hizi ni kubwa na ngumu, zina umbo la kibakuli. Unazijaza maji ya chumvi yaliyosafishwa, unainamisha uso ukitazama sakafu, halafu lenzi inapandishwa kutoka chini bila kumwaga. Kila akiipandisha maji yanamwagika, Mwalimu anasema bado. Siku moja nilimkuta stoo kwangu, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, analia kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaniambia kwamba wenzake wamezaliwa na mitambo hii, yeye alizaliwa na tochi.

Wiki ya pili kila mmoja alitakiwa kuwa na mgonjwa wake wa kufanyia mtihani. Akaniomba niwe wake. Dada, ningekataaje?

Akaniwekea kwanza lenzi ya majaribio kutoka kwenye sanduku la mazoezi. Nikafumba, nikafumbua. Nakwambia nilishika meza. Niliona nyufa za dari. Niliona kwamba Mama Mpimaji ana ndevu tatu kidevuni, nikanyamaza kwa heshima. Halafu wakaniletea mtoto. Nilikuwa sijawahi kumwona sawasawa, dada, nilikuwa namjua kwa harufu na kwa sauti. Nikaona kope zake, moja moja. Na nikaona kitu kingine kwake ambacho nitakuambia mwisho kabisa wa barua. Ilikuwa nusu saa tu, kisha ikavuliwa, kwa sababu yangu mwenyewe ilikuwa iagizwe kwa vipimo vyangu. Siku ile ndiyo niliyokuandikia ile barua ya shangwe. Kila neno la barua ile ni kweli.

Lenzi yangu ilikuja baada ya wiki tatu, na Mwalimu akarudi kwa mtihani. Nilivaa asubuhi, nikae nayo kwa muda wa saa nne, halafu nipimwe mbele ya wote. Saa mbili za kwanza nilitembea nikisoma maandishi ya vizimamoto kama mwendawazimu. Ya tatu, ukungu ukaanza kuingia kama mvuke wa sufuria kwenye dirisha. Ya nne, jicho likawa linauma kwa pembeni, kama limevaa kiatu kidogo. Nikajikaza. Wakaniita, nikakalia kiti. Mwalimu akasema nisome bango la herufi ukutani. Nikasoma lote, mpaka mstari wa mwisho, ule wa herufi za sisimizi. Chumba kizima kikapiga makofi. Mwalimu akanichungulia jicho kwenye darubini, akatoa kichwa, akamtazama Mama Mpimaji, na kwa mara ya kwanza hakusema bado. Wakapiga picha ya jicho langu ili waifundishie na wengine. Mama Mpimaji alinikumbatia mpaka ndoo yangu ikapinduka.

Cheti chake kikatundikwa ukutani, nami ndiye ninayekifuta vumbi.

Tangu hapo ikawa kila siku navaa lenzi asubuhi, anione nimeivaa, nikifika stoo naitoa na kuificha kwenye kikopo chake mpaka saa ya kutoka. Kila nikiitoa inaniachia alama ya mviringo kwenye weupe wa jicho, kama alama ya kikombe kwenye kitambaa cha meza. Nikasema moyoni labda jicho litazoea. Viatu vipya navyo hubana, siku hizi nasema hivyo kwa kila kitu.

Sasa sikia kilichonifika. Mama Mpimaji, kwa kuwa jicho langu "lilifaulu", akaanza kuwapimia wengine kwa kufuata njia ileile. Wakapata lenzi watu watatu. Mmoja ni fundi redio. Akarudi baada ya wiki mbili, jicho jekundu kama pilipili, analalamika kwamba ikifika mchana haoni hata waya. Mama Mpimaji akamwambia avumilie, macho huzoea. Akaniita kutoka ukumbini, na fagio langu mkononi, akamwambia fundi kwamba huyu binti yetu anavaa kutwa nzima na anasoma mstari wa mwisho. Akaniuliza mbele yake, si ndivyo mwanangu? Nikasema ndivyo. Yule fundi akanitazama kwa heshima, akasema basi tatizo ni yeye, amekuwa mwoga. Akaondoka na jicho lake jekundu.

Kesho yake nikapata barua yako.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, sasa nafichaje? Dada, siku ile ya mtihani sikusoma. Bango lile nalijua kwa kichwa. Miaka miwili napiga deki chini yake, na kutwa nzima watu wanalisoma kwa sauti, wazee, watoto, wenye kigugumizi. Limeniingia masikioni bila kupenda. Wallahi mwanangu nimembembeleza kwa herufi zile, kuanzia kubwa ya juu mpaka mstari wa sisimizi, na analala nazo vizuri kuliko wimbo. Bango la pili la kubadilishia lilikuwa limeraruka likaondolewa, na nani angemfikiria mfagizi? Mimi nilipotazama ukutani niliona wingu. Karibu yangu nikamwona Mama Mpimaji amekaa mkono mdomoni, nikamkumbuka juu ya ndoo yangu, na herufi zikatoka zenyewe. Tena sitajitia wema mtupu. Niliogopa pia kwamba nikisema sioni, watasema lenzi haifai, nami nitarudi kumjua mtoto kwa harufu. Ndiyo hivyo tena, nikawa nayo na bado nikarudi kwenye harufu.

Juzi nikapiga moyo konde, lenzi nikashinda nayo jichoni kutwa. Nilimsubiri mgonjwa wa mwisho atoke, nikaingia, nikafunga mlango, nikamwambia Mama Mpimaji yote, nimesimama kama mwizi. Akachukua boksi la dawa mezani, akaligeuza, akaninyooshea nisome. Nikamwambia naona weupe na kitu chekundu. Akaniweka kwenye darubini. Akatazama kwa muda mrefu sana, mpaka pumzi yake nikawa naihisi mkononi. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mgonjwa, siyo chake.

Nilitegemea aniambie nikusanye vyangu. Badala yake akaniambia jambo ambalo sijamaliza kulifikiri mpaka sasa. Alisema siku ya mtihani, kabla ya Mwalimu, yeye mwenyewe alitazama kwenye darubini akaona ukingo wa lenzi umeminya mishipa ya jicho ikawa myeupe. Aliona. Alikuwa anafungua mdomo aseme inabana, ndipo akanisikia nasoma mstari wa mwisho. Akasema, mwanangu, mimi kazi yangu ni macho, na siku ile niliamua kuamini masikio. Mwalimu alipotazama baadaye aliona pia, akamuuliza kwa kunong'ona kama haimbani mgonjwa, na yeye akamjibu, si umesikia anavyosoma? Basi tukawa wawili, kila mmoja anamficha mwenzake kwa upendo, na katikati yetu jicho linaumia.

Tulilia kidogo. Halafu akajipangusa, akaondoa cheti ukutani, akakitia kwenye droo, na mbele yangu akampigia simu fundi redio avue lenzi siku ileile na arudi. Wale wengine wawili nao wameitwa. Mwalimu ameandikiwa kila kitu. Majibu yake yalikuwa marefu, kuhusu kuitoa picha yangu kwenye masomo na kujilaumu yeye mwenyewe kwa kutumia bango moja, lakini Mama Mpimaji anasema ukiikamua barua nzima linabaki neno moja, lile tunalolijua. Itabidi afanye mtihani upya. Ameniomba tena niwe mgonjwa wake, na bango jipya limekuja, limefungwa kabatini, ufunguo uko kwake. Kabla ya hapo jicho langu lipumzike wiki tatu bila lenzi. Hajaniahidi kitu. Amesema tutaagiza nyingine isiyobana, tuone.

Kwa hiyo jibu lako, dada, ni kwamba leo sioni. Sikudanganya nilipokuandikia kwamba niliona, ila nilidanganya kwa kunyamaza miezi miwili wewe ukipanga safari. Nisamehe. Usije sasa. Ukisikia kutoka kwangu kwamba nimevaa kwa saa nane mfululizo na bango la kabatini nimelisoma mpaka nilipoweza, hapo ufunge cherehani uje, na mtoto atakupokea kwa meno. Mimi tumaini ninalo. Ile nusu saa hakuna wa kuninyang'anya, na kilichowezekana nusu saa huenda kikawezekana kutwa. Ila ukija na kuwekwa kwenye kile kiti, hata umpende vipi anayekupima, usimsomee usichokiona.

Mwambie shemeji namsalimu, na aache kukutania kuhusu lile gauni. Wabusu watoto, kila mmoja na lake ili wasigombane. Baba mtoto anasalimu sana, amesema anakungoja wewe kwa kuwa ukija tutakula vizuri. Mtoto ameanza kujinyoosha, naona anaamka.

Chini ya jina langu nimeandika mstari mmoja kwa kalamu ya kawaida, mdogo makusudi, ndicho kile kitu nilichokiahidi. Ukiuona, niandikie umesoma nini. Usipouona, niandikie kwamba hukuuona. Usiulize mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Koleo

Nyuma ya sikio la kushoto la mwanao kuna kidoa cheusi kama punje ya mtama, palepale alipokuwa nacho marehemu mama.