Kozi Niliyoikataa

Maneromango, Kisarawe

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku sisi ni wazima. Goti la bibi yako limetulia, na mikorosho imeanza kutoa maua. Unauliza kama uende kozi ya udereva wa kujihami, baada ya trafiki kukuandikia kosa la mwendo kasi pale Kibaha.

Nami niliwahi kuandikiwa kosa kama hilo, enzi nikiendesha lori. Tajiri wangu alitaka nirudi darasani. Nikamjibu kwa kiburi, "Nifundishwe nini tena?" Akaniacha.

Mwezi haukuisha, nikamgonga jirani yetu, Mzee Kondo, akivuka barabara na baiskeli. Alikatwa mguu. Nilipokwenda kumwangalia hospitali, akaniuliza, "Hukuniona?"

"Nilikuona, mzee. Nilidhani utanipisha."

Akageuzia uso ukutani. Tangu siku hiyo nilimsalimia kila nilipopita kwake, miaka yote hii, na hakuniitikia hata mara moja.

Juma lililopita tumemzika. Nilipokwenda kupokea jeneza, mwanawe mkubwa aliniambia taratibu, "Babu, wewe kaa tu."

Kozi amua mwenyewe, mjukuu wangu. Haya sikuwahi kumwambia hata baba yako.

Babu yako,
Athumani