Lemayani, Bado Nakutaja

Mpendwa kaka Lemayani,

Gari la sinema limerudi Karatu wiki hii. Wametundika shuka jeupe kwenye ukuta ule ule wa ghala, na jenereta lao linakohoa vile vile. Nilisimama kidogo, nikaondoka kabla hawajaanza. Ya Kihindi, wanasema. Ndipo nikakumbuka ile ya mpelelezi, nikaona nikuandikie, ingawa sijui barua nitaituma wapi.

Unakumbuka? Tulikuwa tumeteremka na Mama kutoka Ngorongoro kuuza mbuzi, tukafikia kwa shangazi. Ilikuwa filamu ya zamani ya Waingereza, haina rangi, London ukungu mtupu, utadhani ni huku kwetu ukingoni mwa kreta asubuhi. Mpelelezi mwenye koti refu alikuwa akiwatafuta watu waliopanga vyumba kwa mjane mmoja, kisha wakapotea mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mmoja alitafsiri kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti, nawe ukamtafsiria Mama kwa Kimaasai, ukiongeza chumvi kila ulipoishiwa maneno.

Mjane yule alilia akiwataja wapangaji wake kwa majina. Mama akaimaliza kesi hapo hapo.

"Mwambie huyo askari arudi nyumbani," alisema. "Wako hai hao. Si unasikia anawataja?"

Kwetu aliyekufa hatajwi jina, na Mama hakuwa na sababu ya kudhani London wanafanya tofauti. Maiti zilipofukuliwa chini ya sakafu na mjane akatiwa pingu, Mama alisimama katikati ya umati. "Ameua, halafu anataja!" Hilo ndilo lililomkasirisha, kuliko hata mauaji. Watu walicheka, wewe ukacheka kuliko wote mpaka akakufinya.

Baada ya hapo ulivaa koti la Baba miezi mizima, ukipeleleza mbuzi waliopotea. Ulikuwa mpelelezi mbovu. Mbuzi walirudi wenyewe.

Ulipokuwa kijana ukaenda Ololosokwan kumchungia baba mdogo, na kutoka huko ukavuka kwenda Kenya kutafuta kazi. Kisha serikali ikaufunga mpaka, na salamu zako zikakoma. Baba mdogo alimuuliza kila aliyepita kwa njia za panya, hakuna aliyekuona. Mwaka juzi wazee walikaa wakasema imetosha, jina lako lisitajwe tena. Uamuzi huo ulimwangukia Mama kwanza, maana yeye ni Mama Lemayani tangu ulipozaliwa. Wakasema sasa aitwe Mama Nasieku, kwa jina langu.

Hakuitika. Walimwita kisimani, walimwita kanisani, akapita kama hasikii. Akiniomba maji alisema, "Lemayani akija leo atakunywa nini humu ndani?" Aliniudhi, nikwambie kweli. Mimi niko hapa kila siku, nakamua, nateka maji, na jina langu analikataa kama nguo ya kuazima. Lakini pia nilimwomba Mungu, Mama asichoke kulikataa.

Mwezi uliopita tulikwenda mnadani. Muuza ugoro akaita, "Mama Nasieku!"

Mama akageuka.

Alinunua ugoro wake, akaufunga kwenye pindo la shuka, tukaendelea na safari. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo wa mahindi, nikalia njia nzima. Hakuniuliza nalia nini.

Sijui kama uko hai, kaka. Mpelelezi yule angekuwa ameshajua. Wazee wakinisikia nakutaja watanifokea, kwa hiyo nakutaja nikiwa peke yangu na ndama, nao hawana neno. Kama uko mahali, njoo umrudishie Mama jina lake. Langu nitalitumia mwenyewe.

Huku mvua imeanza, na majani yapo.

Ni mimi dada yako,
binti wa Mama Lemayani