Gundi ya Mabondo

S.L.P. 214,
Musoma.
17 Novemba 1996

Mpendwa kaka Wenceslaus,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, wewe, wifi Ursula na watoto, na kwamba joto la Mtwara halijawashinda. Sisi tu wazima. Mama kule Bukima goti limepoa, ameshaanza kwenda shambani tena na hataki kabisa kuambiwa apumzike.

Barua yako ya ile nafasi ya kufundisha ufundi shuleni huko Mtwara niliipata, na nililia kwa furaha mbele ya karani wa posta. Najua ulivyohangaika. Ndiyo maana naona aibu kukuandikia haya.

Unaikumbuka kazi yetu ya karakana. Bati jembamba la alumini tunalipaka gundi iliyochanganywa na dawa, tunalifunika kwa filamu yenye mchoro, kisha tunaliweka juani. Palipopigwa na mwanga gundi inashika. Palipofichwa inatoka kwa maji, na tindikali inakula alumini pale palipo wazi tu. Ndivyo tunavyotoa sahani za mizani, zile za kusomea uzito, zenye alama nyembamba kama unywele. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie Bunda, kila mmoja anataka mizani, kazi haikatiki.

Gundi ya dukani ilipoadimika, mimi ndiye niliyegundua kuchemsha mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa sangara. Wote walinisifu. Lakini kuna hatua moja sikumwambia mtu: kabla ya tindikali, bati lazima lipashwe juu ya jiko mpaka gundi igeuke rangi ya kahawa. Nilikuwa nalipasha peke yangu wenzangu wakienda kula. Tulikuwa tumesikia karakana itauzwa na watu watapunguzwa. Niliogopa, kaka.

Rafiki yangu Wankyo aliniomba nimfundishe. Nikamwambia akishaosha aanike kivulini, basi. Tindikali ikabandua gundi, mabati yake yakaharibika moja baada ya jingine. Orodha ilipotoka, jina lake lilikuwa la kwanza. Nilimsindikiza mpaka kwake nikimpa pole. Kaka, nilimpa pole!

Sasa anauza samaki, na ndiye anayeniletea mabondo kila Jumamosi. Siku zote huniwekea na sato mmoja wa bure, kitoweo changu.

Bwana Burito, tajiri aliyenunua karakana, amevifungia vyeti vyangu kabatini. Anasema sitoki mpaka nimwachie mtu anayeijua kazi. Mtu mpya atahitaji karibu mwaka mzima, na shule inafungua Januari. Wankyo anaweza yote, mchoro, filamu, tindikali. Alichokosa ni ile hatua moja tu. Nikaona nimweleze ukweli, yeye arudi kazini, mimi nije huko.

Nilikwenda kwake Jumatano nikamwambia yote. Alikuwa anaparua magamba, wala hakuacha. Mwishowe akasema, "Miaka miwili nilikuwaga nautazama huu mkono wangu, najiuliza unakosea wapi. Baki na gundi yako."

Jana alileta mabondo kama kawaida. Akaniita mama, yeye aliyezoea kuniita Lukre. Sato hakuwemo.

Kwa hiyo mwambie mkuu wa shule asinisubiri. Mlango nilioufunga ili wengine wasiingie, ndio unaonizuia kutoka. Kila asubuhi nachochea ile sufuria, na harufu yake imenichosha hata samaki siwezi kula. Usiku na mchana nawaza Mtwara.

Nisalimie wifi, na umwambie vitenge vilifika salama. Mama anawasalimu, shangazi Esta anawasalimu, na baba mdogo Makongoro anauliza utakuja lini kuona mji. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo. Wankyo, ambaye hakuna barua yangu iliyowahi kufika kwako bila salamu zake, safari hii hakutuma.

Wako akupendaye,
dada yako Lukresia