Boti Yako Si Fahali, Chacha

Chacha, rika langu,

Nakuandikia nikiwa dukani kwako Nyamisangura, hapa Tarime, nimekaa kwenye kile kiti chako ulichokifunga mguu kwa mpira wa baiskeli. Shemeji Rhobi ameenda kanisani kwenye kikao cha akina mama, akaniachia duka. Kwa hiyo leo mimi ndiye ninayeuza plau zako, nira zako na cheni zako, na tangu asubuhi nimeuza bolti tu. Wateja wakinikuta mimi badala yako wanasalimia vizuri halafu wanasema watarudi kesho.

Nimekukumbuka, mura, mwanaume mwenzangu. Naliandika hili mapema kwa sababu nikiliacha la mwisho nitashindwa. Tangu tukuzike kijijini Susuni sijapata mtu wa kunitukana sawasawa. Vijana wananipa shikamoo, wananipisha kwenye benchi, na heshima yenyewe imeanza kunichosha. Ni wewe tu uliyekuwa unaniita mkia wa mbuzi mbele ya watoto wangu, na hakuna aliyethubutu kukukataza, maana tulitahiriwa msimu mmoja. Sasa naitwa mzee kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Haya, boti. Najua ndiyo habari unayoisubiri.

Kwanza nikukumbushe vituko vyako. Uliswaga fahali wako wawili wazuri mpaka kule mwaloni, boti zinakoegeshwa upande wa Shirati, ukawabadilisha na boti, ukarudi Tarime mikono mitupu huku unatabasamu. Watu wakauliza, utavua? Hapana. Utabeba dagaa? Hapana. Abiria? Hapana. Sasa boti ya nini? Ukasema ya kutembea. Utazunguka ziwa na mkeo, kisiwa hadi kisiwa, mtalala kwenye kile chumba kidogo cha ndani na kupika humo humo. Soko zima lilicheka. Mkurya na maji wapi na wapi! Rhobi, ambaye hata kwenye daraja la Mto Mara anafumba macho, alisema yeye aliolewa na mtu wa ng'ombe, hakuolewa na kiboko.

Halafu ikaja habari ya nanga. Hukwenda kuuliza mtu. Ulichukua cheni ya plau hapa hapa ukutani, ile ya pete ndefu, ukaitupa begani na kuniambia: "Marwa, hii imevuta fahali kwenye udongo mweusi wa Susuni. Itashindwa na maji?" Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Tulipofika mwaloni ukaifunga boti fupi kabisa, nanga imegusa chini na cheni imesimama wima. Kwetu mnyama mkorofi anafungwa karibu na kigingi. Ukimwachia kamba ndefu atajinyonga, au atakula mahindi ya jirani na uitwe kwa balozi wa nyumba kumi. Ulishuka pale umeridhika, ukaipigapiga boti ubavuni kama unamuaga ng'ombe.

Maji yakiwa yametulia ilikaa vizuri. Wewe mwenyewe uliikuta pale pale kila ulipokwenda, mpaka presha ilipokuangusha ghafla hapa hapa dukani. Hatukuwa tumemaliza hata kupokea wageni wa msiba ulipovuma upepo mkali ziwani. Ochieng, yule fundi wa boti wa mwaloni mwenye maneno mengi, akanipigia simu niende haraka. Niliikuta imelala ubavu kwenye mawe, mbao za upande mmoja zimevunjika. Cheni ilikuwa bado imening'inia mbele, lakini nanga haikuwepo. Cheni fupi haina cha kuachia, kwa hiyo kila wimbi lilipoinua boti liliikurupusha nanga, na ile bolti ya kiungo kinachoshika nanga na cheni ikajifungua kidogo kidogo mpaka ikatoka. Nanga ilibaki chini ya ziwa. Ochieng akatazama cheni, akanitazama mimi, akasema: "Omera, ndugu yangu, nani alifunga boti kama ng'ombe?"

Nikacheka, Chacha. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga, halafu nikaanza kulia, na yule Mjaluo akakaa mchangani kando yangu. Nilikuwa sijalia siku ya kukuzika.

Rhobi aliposikia alisema iuzwe. Alikuwa ameshapatikana mtu wa Sirari anayetaka injini peke yake, mbao atachomea tofali. Nikamwambia shemeji, tafadhali, Chacha alikipenda kile kitu. Akanijibu taratibu, hata hakuinua sauti: "Marwa, mimi nimeshazika mtu. Sitaki kitu cha kunizika mimi na wanangu." Ungemjibu nini? Mimi nilikunywa chai yake nikaondoka.

Nilirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Unanijua kwa usumbufu. Mwishoni akatoa sharti: tuitengeneze, tuifunge, halafu yeye mwenyewe atapanda, akae ndani wakati wa upepo wa mchana. Ikisogea kutoka pale ilipofungwa, mtu wa Sirari aje na lori lake. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo, halafu njia nzima ya kurudi kwangu Nkende nilikuwa najilaumu kwa kukubali haraka.

Sisi rika lako tukakutana kwangu. Wote walikuja, hata yule uliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba, na wakachanga bila kuuliza maswali. Ochieng alipomaliza kubadilisha mbao zilizovunjika, nikaenda naye Mwanza kutafuta nanga mpya na cheni. Mura, wewe hukuwahi kununua kitu namna ile. Ochieng alikataa cheni za maduka matatu. Alitaka pete fupi, kwa sababu ndefu inajikunja na kukaa vibaya inapovutwa kwa pembeni. Alitaka kila pete iwe imechomelewa hadi mwisho, basi akakaa kwenye sakafu ya duka la watu akaipitisha yote mkononi, pete kwa pete, mwenye duka amekunja uso. Alitaka iliyochovywa kwenye zinki, na viungo vyake navyo viwe vya zinki, maana ukichanganya chuma cha aina mbili ndani ya maji kimoja kinakula kingine.

Kwenye kiungo ndipo tulipogombana. Mimi nilipenda kimoja kinachong'aa kama kijiko cha harusi. Ochieng akakigeuza, akatafuta ile alama ya uzito kinaobeba, hakuiona, akakirudisha kwenye boksi. Akachagua kibaya cha rangi ya majivu, kinene kuliko cheni yenyewe, chenye maandishi yake. Akaniambia cheni yote hiyo, hata uwe umeinunua kwa ng'ombe ishirini, nguvu yake ni ya kile kiungo. Tulipofika mwaloni aliingiza bolti na grisi, akaikaza, kisha akapitisha waya kwenye tundu la bolti na kuufunga mara nyingi ili isijizungushe tena. Waya wenyewe ulitoka dukani kwako. Hata wewe ulikuwa nao, Chacha, umening'inia pale ukutani miaka yote.

Sasa mimi ndiye mtunzaji. Ninaposhuka mwaloni naivuta cheni yote nje, naitandaza kwenye majani, naiosha matope na kuipiga brashi ya waya. Naangalia pale pete mbili zinaposuguana, ndipo zinapoliwa. Mwaka ukiisha nitaigeuza, mwisho wa chini uje juu, maana ule wa chini ndio unaoburuzwa kwenye mchanga. Nimeipaka rangi nyekundu kila baada ya hatua chache, kama tunavyopaka ng'ombe waliochanjwa, ili nijue nimeachia kiasi gani. Na naachia nyingi! Maji yakiwa na kina cha mtu mmoja, naachia cheni ya watu watano na zaidi. Mara ya kwanza roho iliniuma, nikaona kabisa boti inakwenda kula mahindi ya jirani. Kumbe ule uzito wa cheni iliyolala chini ndio unaolaza nanga ichimbe.

Siku ya Rhobi ikafika. Alikuja na kitenge kipya na rozari, akapanda kwa kushikwa mikono na watu wawili, akakaa mbele, pale cheni inaposhukia majini. Ochieng alibaki nchi kavu, eti boti isizidi uzito. Muongo, aliogopa macho ya shemeji. Saa nane upepo ukaanza. Saa tisa mawimbi yalikuwa yanapiga kifua cha boti, tunapanda na kushuka, na mimi natazama mwamba mmoja na paa la nyumba nyuma yake ufukweni. Vikiachana, tumesogea. Nilivitazama mpaka machozi yakanitoka.

Rhobi akaniuliza atajuaje kama imeshika, yeye haoni mwamba wala paa, anaona maji tu. Nikamwambia alivyonifundisha Ochieng: weka mkono kwenye cheni. Nanga ikiwa inaburuzwa, cheni inatetemeka na kugonga. Ikiwa imeshika, inavuta tu.

Akainama akaishika. Aliishika muda mrefu, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Hakufumba macho. Upepo ukavuma mpaka ukachoka wenyewe, na ule mwamba na lile paa vilikuwa bado vimesimama pamoja. Nikasubiri aseme kuhusu mtu wa Sirari. Hakumtaja. Alikuwa bado ameshika cheni, akasema bila kunigeukia:

"Alitaka tuanzie kisiwa gani?"

Kisiwa gani, rika langu? Katika kupayuka kwako kote kuhusu visiwa hukuwahi kuniambia jina hata moja, na mimi sikuuliza. Rhobi alikuwa anasubiri. Nikamwambia Ukerewe, kwa sababu ndilo jina la kwanza lililonijia kichwani. Akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, mahindi yakishavunwa.

Basi pumzika, mkorofi wangu. Nakuahidi kwamba mimi na Ochieng tutampeleka, nitaikagua ile bolti kwa mkono wangu kila asubuhi ya safari, na nitamrudisha mkeo nyumbani mzima. Na kama moyoni ulikuwa na kisiwa kingine, utanisamehe. Tunaanzia Ukerewe.

Wako,
Marwa