Kishikio Cheusi Katika Gari la Khatibu

Alhamisi, Mfungo Sita, 1971. Masika.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani kabla hayajafika ndimini, na sala na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Na wewe utakayelifungua daftari hili baada yangu, ukiwa wa damu yangu au mpitaji tu, nakuamkia kwa heri, na nakuomba uyasome haya kwa jicho la kusitiri.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Ukuta wa chumba changu hapa Malindi umerowa hata chokaa yake yatoka kwa kidole. Moyo wangu nao ni mzito, kwa kuwa kesho baada ya sala ya Ijumaa watakuja watu wa posa kuchukua jibu, na asubuhi ya leo jibu nililokuwa nalo lilikuwa ni la.

Anayeposwa ni Zuwena, mjukuu wangu, binti wa mwanangu marehemu. Walii wake, mwenye kumuozesha, ni mimi. Anayemposa ni Khatibu, dereva wa ofisi moja kubwa, ambaye tangu mwaka huu amekabidhiwa gari jipya kutoka Ulaya, refu, jeupe, la kupandia wakubwa.

Siku hizi gari la namna hiyo likisimama mdomoni mwa kichochoro, madirisha hufungwa moja baada ya jingine, na watu huuliza kimoyomoyo: huyu ametumwa na wakubwa, au amekuja kwa haja yake? Nami niliuliza hivyo juu ya Khatibu. Siandiki zaidi.

Lakini nataka niwe mkweli kwa nafsi yangu. Dhana ile ilikuwa moshi tu. Moto wake ulishika Jumapili iliyopita.

Nilikuwa Makunduchi kwa hitima ya rafiki yangu. Mvua ilipozidi nikakwama barazani, sina usafiri wa kurudi mjini. Khatibu alikuwa amempeleka mkubwa wake huko huko, na mkubwa yule, aliyekuwa akibaki mpaka kesho yake, akamwambia anichukue. Nikapanda mbele, karibu naye, huku nikisema moyoni kuwa Mungu amenipa nafasi ya kumpima.

Ni gari la fahari kweli. Kiti chake kinampokea mtu kama godoro la sufi, na yale mashimo ya njia ya shamba, ambayo mgongo wangu wayajua moja moja, yalipita chini yetu kama mambo ya kusimuliwa.

Nikamuuliza, "Magurudumu ya mbele unayatia kazini wakati gani?"

"Hayatiwi, babu. Yote manne yanavuta saa zote."

"Hata juu ya lami?"

"Hata juu ya lami. Hata sasa hivi tunavyozungumza."

Hapo ndipo sikio langu liliposimama. Miaka mingi nilizunguka madrasa za shamba katika gari la zamani lililokuwa likiendeshwa na marehemu Mzee Ame, mtu ambaye sikupata kumsikia akisema uwongo. Mzee Ame alikuwa na mkono wa chuma pembeni mwa gia. Akifika kwenye matope huuvuta, magurudumu ya mbele yakasaidia ya nyuma. Akiona lami huurudisha upesi. "Manne ni ya matope, Maalim," akiniambia. "Ukiyapeleka kwenye lami yataumana kama paka ndani ya gunia."

Basi mmoja wao amesema lisilokuwa. Na Mzee Ame yuko kaburini, hawezi kujitetea.

Tulipofika karibu na Tunguu, maji yalikuwa yamekata barabara, tukapita njia ya pembeni ya udongo. Gari likazama. Gurudumu moja likawa linazunguka bure, likiturushia matope mpaka kwenye kioo, na yale mengine matatu yametulia kimya. Khatibu akanyoosha mkono, akavuta kishikio kidogo cheusi. Gari likatikisika, likatoka.

Mtu aliyeniambia kuwa hakuna cha kutia wala cha kutoa, ametia mbele ya macho yangu.

Tukaingia tena kwenye lami, tukaenda kitambo. Mara nikamwona anashtuka, anakirudisha kile kishikio kwa haraka, kisha ananitupia jicho la pembeni.

Jicho lile ndilo lililonikaa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, Bi. Mwanaidi, kuwa kijana yule ni mwongo. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua hata uso.

"Maalim, wewe umesoma nahau na fiqhi. Gari umelisomea wapi?"

"Mwenye kudanganya katika dogo atadanganya katika kubwa."

"Na mwenye kuhukumu asilolijua je?" Akapuliza makapi. "Kamuulize fundi. Usije ukamnyima mtoto wa watu kwa sababu ya gurudumu. Na Zuwena mwenyewe, umemuuliza?"

Zuwena sikumuuliza. Siku tatu nzima sikwenda kwa fundi. Nilichofanya ni kibaya zaidi, nami nakiandika hapa kwa aibu: Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, nilimwambia Maalim Shaame, mwenzangu wa msikitini, mbele ya watu, maneno yale yale. Yeye akatikisa kichwa akasema, "Afadhali umemjua mapema." Neno hilo lilinifurahisha. Kwa nini lilinifurahisha?

Leo asubuhi nikaenda Darajani, nyuma ya soko, kwa Fundi Kanji. Ni Mhindi asiyekula nyama wala kusema uwongo wa biashara, na tumejuana tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi.

"Naam, Maalim! Leo umekuja kunisilimisha au kuna kitu kimeharibika?"

"Kuna mtu ninayetaka kujua kama ameharibika."

Akacheka. Nilipomweleza, aliburuta juu ya meza chuma kizito chenye grisi, moyo wa ekseli ya lori bovu, kitu wanachokiita difu. Pande mbili zake zilitoka fimbo za kubebea magurudumu. Akaniambia nishike moja. Nikaishika. Akazungusha chuma cha katikati, na fimbo ya upande wa pili ikazunguka mbio, yangu imetulia. Akaniambia niiachie kidogo, zote mbili zikazunguka, kila moja kwa kiasi chake.

"Gari ikipinda kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani," akasema. "Difu inawapa ruhusa wasiende sawa. Gari yote ina hiyo. Ile ya marehemu Ame ilikuwa na mbili, mbele na nyuma. Lakini katikati, baina ya mbele na nyuma, hakuna. Ukitia manne, mbele na nyuma wamefungwa pamoja. Kwenye matope wanateleza, ugomvi unakwisha. Kwenye lami hawana pa kuteleza, wanaumana. Ame amesema kweli."

"Na huyu kijana?"

"Hii mpya imewekwa difu ya tatu, katikati. Basi mbele na nyuma nao wana ruhusa. Ndiyo wanaweza kuvuta saa zote. Na yeye amesema kweli."

"Na kile kishikio?"

"Hapo sasa. Ruhusa ikizidi ni balaa. Gurudumu moja likikosa pa kushika, nguvu yote inakimbilia huko kwa mvivu, kama ulivyoona hapa ulipozuia fimbo. Basi unafunga ile ya katikati, mbele na nyuma wanakuwa kitu kimoja, unatoka. Ukifika lami unafungua. Hakitii manne, Maalim. Manne yapo."

Nilimshukuru, nikatoka na grisi kwenye mkono wa kanzu, na moyo wangu haukukubali. Nilijiambia kuwa mafundi na madereva hula chungu kimoja, na kwamba Kanji huenda ana haja na ile ofisi. Tazama jinsi dhana inavyojilisha yenyewe. Nilipewa watu wawili wakweli, Mzee Ame na kijana, nikatafuta njia ya kumharibu wa tatu aliyewathibitisha.

Baada ya Alasiri tulimzika jirani yetu Bi. Salama, mshonaji kofia. Jeneza lilitoka msikitini likapitishwa vichochoroni hadi barabarani, ambako lilikuwa likingoja lori la kwenda makaburini Mwanakwerekwe. Nami magoti yangu hayanibebi tena, nikafuata nyuma, macho yangu kwenye miguu ya wabebaji.

Walikuwa wanne, kama ada. Walipofika kwenye ile kona nyembamba karibu na kisima, mabega yao yakabaki chini ya miti ya jeneza, lakini miguu ikaachana. Wawili wa upande wa nje wakapanua hatua. Wawili wa ndani wakazifupisha karibu kusimama. Na wa mbele walipita kwa upana zaidi kuliko wa nyuma. Hakuna aliyeamuru. Hakuna aliyeacha kubeba.

Nimeyaona mazishi ya mji huu miaka sitini, sikupata kuyaona haya.

Mbele kidogo palikuwa na dimbwi. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Pamoja," wakakazana, wakapita kwa hatua moja. Kabla ya kona iliyofuata wakalegea tena, kila mtu kwa hatua yake, na kama wasingelegea jeneza lingepiga ukuta.

Nikasimama; ile difu ya Kanji nilikuwa nimeiona kwa miguu ya watu. Watu walidhani nimechoka.

Mbebaji wa nyuma, upande wa ndani, mahali pasipoonekana na mtu, alikuwa Khatibu. Na nakiri kuwa hata hapo wazo langu la kwanza lilikuwa: amekuja ili nimwone.

Tulipomaliza talakini, yale maneno ya kumsomea maiti kaburini, alinijia kwa adabu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Khatibu, kile kishikio ulichokivuta Tunguu, kwa nini ulikirudisha kwa haraka vile, kisha ukanitazama?"

Akaangalia miguu yake yenye udongo. "Nlisahau, babu. Nlitakiwa nkirudishe pale pale tulipoingia kwenye lami. Nkaenda nacho kitambo kile kimefungwa, na hilo linaumiza gari. Nlikutazama kwa haya, kwani ulikuwa ushaniuliza nkajifanya najua kila kitu."

"Kuna aliyejua?"

"Hakuna. Nlimwambia mkubwa siku ya pili nlipokwenda kumchukua. Alinifokea sana, akanambia nlipeleke kwa fundi akalitazame. Limetazamwa, alhamdulillahi, halina kitu."

Nilimtafuta mwongo siku nne, nikampata mtu aliyejishitaki mwenyewe kwa kosa lisilokuwa na shahidi ila mzee mmoja asiyejua alichokiona.

Sasa nimekaa na kalamu, mvua imepungua. Chumba cha pili Zuwena anapanga vitabu vyangu ili anisomee baada ya Magharibi, kama afanyavyo tangu macho yangu yaanze kuniacha. Na hapa ndipo ninapolazimika kuandika lile ambalo sikumwambia mtu.

Nilitaka awe mwongo.

Nilitaka hivyo kabla ya Tunguu, kabla ya gari. Angekuja mwalimu ningemtafutia kosa katika herufi zake. Angekuja mvuvi ningemtafutia katika nyavu. Nyumba hii akitoka Zuwena, nani atanisomea? Hiyo ndiyo iliyokuwa walii wake siku hizi zote, haja yangu, ikiwa imevaa kilemba changu.

Basi nimeazimia. Alfajiri nitamwendea Maalim Shaame na kulirudisha neno langu mbele ya wale wale walionisikia. Kisha nitakaa na Zuwena na kumuuliza, na nitangoja jibu lake bila ya kumtia langu kinywani. Akisema naam, watu wa posa watasikia naam kabla kahawa haijapoa. Na jioni ya leo, anisomeapo, nitajizoeza kusikiliza kama mtu anayeaga.

Ewe msomaji, Mungu akulindie macho yako na ulimi wako, aitie nyumba yako watu wakweli, na awape walio ndani yake wasaa wa kwenda kila mmoja kwa hatua yake bila ya kuuacha mzigo. Amin.