Giza Nililomfunikia Mama

Pangnirtung, Nunavut
14 Julai

Mpendwa mdogo wangu Aluki,

Hujambo, na Winnipeg inakutendeaje? Natumaini joto la huko halijakumaliza na mguu wa shemeji Gordon umepona. Sisi tunapumua. Barafu ya ghuba imeondoka, na mume wangu Joamie anaonekana zaidi kwenye boti kuliko nyumbani. Mama anauliza kama mumewe ameshaota meno ya mbele. Mwambie mwanao kwamba kubeba jina la marehemu Baba ni kazi, na mkewe huku anamwekea samaki mkavu.

Nimekuwa nikikudanganya kwenye simu. Nilisema Mama alikwenda Iqaluit kupimiwa miwani. Jicho lake la kushoto halioni tena, Aluki, na mwenye makosa ni mimi. Kila nilipotaka kukuambia, yeye alikuwa ameketi ubavuni mwangu akicheka na mwanao kwenye simu hiyohiyo, nikameza maneno.

Ilikuwa Mei, kule ziwani tunakovulia samaki kwenye barafu. Jioni moja jicho lilimwiva likawa jekundu, kichwa kikamgonga, akatapika. Nikasema theluji imemchoma macho, kama inavyotuchoma sote jua la masika likirudi. Dawa yake unaijua, giza na utulivu. Nikamfunga kitambaa machoni, nikatundika mablanketi ndani ya hema mpaka nikawa siuoni mkono wangu mwenyewe. Wala sikukumbuka kwamba safari nzima hakuvua miwani yake myeusi. Jua lingemchomea wapi?

Joamie alitaka kuwasha pikipiki ya theluji turudi.

"Tumpeleke kwa nesi, mke wangu. Mtu aliyechomwa na theluji hatapiki hivi."

"Kwenye mwanga wote huo wa theluji? Unataka apofuke?" nikamwambia. "Wewe kavue samaki wako, haya ya macho niachie."

Unanijua nikishaamua. Akaenda kuvua.

Mama alisema mara moja tu kwamba kabla sijamfunga kitambaa aliona taa ina duara la rangi. Nikamwambia anyamaze alale, akanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Tangu nizaliwe hajaniita mwanangu. Nina jina la marehemu dada yake mkubwa, kwa hiyo kwake mimi ndiye dada huyo, na dada mkubwa habishiwi. Mwanamke wa miaka sabini alilala gizani siku mbili kwa kunitii mimi.

Daktari wa Iqaluit, tulikopelekwa kwa ndege siku ya tatu, alinieleza polepole. Ni presha ya macho. Macho kama ya kwetu yana nafasi finyu mbele, na mboni ikipanuka gizani, njia ya maji ya jicho inaweza kuziba. Maji yalijaa, yakaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Halafu mwili wenyewe ukazidisha madhara. Chembe zinazoulea mshipa huo zilivimba kama kidonda kinavyovimba, zikaacha kovu mahali palipokuwa na uhai. Presha waliishusha, kovu likabaki pale pale. Nikamuuliza kama giza ndilo lililoanzisha. Akasema hawezi kujua, ila lilichochea. Alisema kwa upole, na mimi nilitamani anifokee.

Jicho la kulia walilitoboa kitundu kidogo kwa miale ya leza ili maji yapite, nalo liko salama. Bado anashona viatu vya ngozi ya sili, lakini kutunga uzi kwenye sindano ananiachia mimi. Juzi alikosea kikombe akamwaga chai mezani. "Kikombe kimehama bila kuaga," akasema, akacheka. Mimi nilitoka nikalia nyuma ya nyumba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Daktari alisema hali hii hutembea kwenye ukoo, watoto wote wapimwe. Mimi nilipimwa siku ileile, nikakutwa nayo, nikatobolewa vitundu. Macho yangu yako salama tangu Mei. Na wewe Krismasi uliniambia kwamba ukitoka sinema kichwa kinakugonga na taa za barabarani zina duara. Nilikumbuka maneno hayo nikiwa bado kwenye kiti cha daktari, na hata hivyo nimekaa kimya miezi miwili, kwa sababu kukuonya kulikuwa ni kukiri. Nimeitunza aibu yangu kuliko macho yako. Kunisamehe kutasubiri, kupimwa hakusubiri. Na kichwa kikianza tena, usijilaze gizani kama tulivyozoea. Washa taa, mwamshe Gordon, akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Jana Mama aliniuliza madaktari wa huko wamesemaje kuhusu macho yako. Alidhani nilikuambia zamani. Ikabidi nimwambie ukweli. Aliweka kiatu chini, akanigeuzia uso mzima, kwani siku hizi inambidi ageuke ndipo anione.

"Dada," akasema, "uliniambia nifumbe macho, nikafumba. Huyo mwambie afumbue."

Basi ndiyo nimekwambia. Msalimie Gordon, na mwanao, Baba yetu, mbusu kwenye mashavu yote mawili. Joamie anakusalimu, ananuka samaki kama kawaida. Mungu akuhifadhi, na akuachie macho yako yote mawili.

Dada yako akupendaye, hata utakapokuwa umenikasirikia,

Ulaajuk